Safari 70 kati ya Butembo na Beni: pesa ya vidanji si ya kula

Kila jioni, gari likiingia kwenye kiwanja cha nyumba moja ya mbao pembeni mwa mji wa Butembo, mke wa dereva hamuulizi mumewe habari ya pesa kwanza. Anamuuliza habari ya safari.

"Leo ni ngapi, baba wa watoto?"

"Nne."

Mama huyo anachukua daftari la shule lililobaki na karatasi chache, anachora mistari minne kwa bic, kisha anahesabu toka mwanzo. Jumanne moja ya mvua, alifika kwenye mstari wa 62. "Imebaki nane," alisema. "Alhamisi jioni tunafika." Ndipo akapokea pesa za siku, akatoa faranga 4,000 na kuzitia ndani ya kopo la maziwa lililofungwa kwa kamba. Zilizobaki ndizo za chakula, shule na deni.

Mistari ile ni hesabu ya mafuta ya moteri. Kila mstari mmoja ni safari moja ya kwenda Beni au ya kurudi Butembo, kilometa 54. Ikifika 70, gari haliendi tena barabarani mpaka vidanji ifanyike: mafuta ya zamani yamwagwe, filtri itolewe, na mafuta mapya yatiwe. Familia nzima inaijua sheria hiyo, hata mtoto wa miaka saba. Lakini sheria hiyo haikutoka katika kitabu. Ilitoka katika hasara iliyotaka kuvunja udugu wao.

Dereva huyo na ndugu zake ni watu wa upande wa Eringeti, katika teritware ya Beni. Walikuwa na mashamba ya kakao. Mwishoni mwa 2019, mauaji yaliyokuwa yakiwatesa wakaazi wa eneo hilo tangu 2014 yalipofika karibu na kijiji chao, walikimbilia Oicha, kisha Beni, na mwishowe Butembo. Walikuja na mama yao mzee, watoto, godoro mbili na pesa za kakao ya mwisho waliyokuwa wameiuza kabla ya kutoroka. Ndugu watatu walikaa chini na kujiuliza: tule pesa hizi mpaka ziishe, ama tununue kitu cha kutulisha?

Mama yao ndiye aliyekata shauri. Alisema kakao haitavunwa tena karibuni, basi pesa zake ziwe shamba jingine. Wakanunua gari, Toyota Carina iliyotoka Japani, yenye usukani upande wa kuume kama magari mengi ya mitumba katika mji huu. Mkubwa wao, aliyekuwa amejifunza kuendesha tangu ujana, akawa dereva. Nyumba tatu, watu 14, wakaanza kula kwa gari moja.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri. Abiria hawakosekani kwenye barabara ya kitaifa nambari 2 kati ya miji hii miwili: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa, na wahami wanaokwenda kuchungulia kama kijiji kimetulia. Dereva alipakia wawili mbele na wanne nyuma, mizigo ikajaza buti. Alifanya safari nne kwa siku, siku sita kwa juma. Jumapili gari lilipumzika.

Kuhusu mafuta ya moteri, alikuwa na sheria moja aliyoipata kwa jirani, mwalimu mwenye gari dogo. Mwalimu alimwambia kwamba yeye hufanya vidanji kila baada ya miezi mitatu, na gari lake halijamsumbua hata siku moja. Dereva akaona ni shauri jema. Mwalimu ni mtu wa kusoma, na gari lake kweli lilikuwa linalia vizuri.

Hakuna aliyekaa wakati ule akapiga hesabu. Gari la mwalimu linatoka nyumbani kwenda shuleni, sokoni na kanisani. Likitembea kilometa 10 kwa siku, kwa miezi mitatu linafika kilometa 900. Gari la dereva linatembea kilometa 216 kwa siku. Kwa majuma 13 ya miezi mitatu, siku sita kila juma, hizo ni kilometa 16,848. Yaani mwalimu na dereva walikuwa wanatumia kalenda moja kwa kazi mbili zisizolingana. Moteri ya mmoja ilikuwa imefanya kazi mara 19 hivi ya ile ya mwenzake.

Na hata hiyo miezi mitatu haikuheshimiwa. Mara ya kwanza ilipotimia, pesa ya mafuta ilikuwepo, lakini watoto wawili walikuwa wamefukuzwa shuleni kwa kukosa minerval. Dereva akailipa shule, akasema vidanji itafuata juma lijalo. Juma lililofuata, mama yao mzee alilazwa hospitalini kwa presha. Kisha hema la mdogo wao, aliyekuwa bado anakaa na familia yake katika kambi, likapasuka, na mvua ilikuwa imeanza. Kila shilingi ilikuwa na mwenyewe anayelia. Moteri hailii mapema, ndiyo maana ikawekwa ya mwisho.

Dereva hakuwa mzembe kama wengine walivyosema baadaye. Kila asubuhi alichomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa, akakirudisha na kusoma. Mafuta yakipungua, alinunua nusu lita kando ya barabara, kwenye chupa ya maji isiyo na alama, kwa kijana mmoja wa wale wanaouza petroli ya chupa na ambao watu wanawaita kadafi. Alikuwa anaongeza, na kwa kuwa alikuwa anaongeza, moyo wake ulitulia. Aliona kama mafuta yamo, basi kazi imefanyika.

Ishara zilikuja. Taa nyekundu ya mafuta, ile yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone, ilianza kuwaka moteri ikiwa ya moto na gari limesimama kwenye kizuizi. Akikanyaga kidogo, ilizimika. Baadaye ukaja mlio, tok-tok-tok, hasa kwenye kupanda. Butembo iko juu kuliko Beni, na kurudi ni kupanda milima na gari limejaa. Dereva alisikia mlio ule siku tatu. Alijiambia, Jumamosi nitamwona fundi.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, karibu na Maboya, moteri iligonga kwa nguvu mara moja, gari likatoa moshi, likasimama. Lilikuwa na abiria sita, mmoja wao mama mwenye mtoto wa majuma mawili mgongoni. Kila mtu anayeijua barabara ile anajua kwamba usiku haifai kukuta watu wamesimama njiani. Abiria hawakumtukana dereva. Walinyamaza, wakawa wanatazama jua. Gari jingine lilikubali kuchukua wanne kwa kubanana. Mama mwenye mtoto na mzee mmoja walipata lori la mbao wakati giza likiwa limeshaingia. Dereva aliwarudishia nauli zao zote. Alilala ndani ya gari peke yake, milango imefungwa, bila kuwasha hata simu.

Asubuhi gari lilivutwa kwa kamba hadi Butembo, kwenye karakana ya fundi mmoja mzee. Mzee huyo alifungua kifuniko cha juu ya moteri, akamwita dereva aje kutazama. Ndani hamkuwa na mafuta yanayotiririka. Mlikuwa na kitu cheusi, kizito sawa na uji wa mtama uliolala, kimeganda kwenye pembe zote. Fundi akaingiza kidole na kukitoa kimejaa.

"Mtoto wangu, vidanji ya mwisho ulifanya lini?"

"Mzee, mimi nilikuwa naongeza kila mara. Mafuta hayakukosa hata siku moja."

"Kuongeza si kubadilisha," fundi alisema. "Ukiwa na bido ya maji machafu, ukaongeza kikombe cha maji safi, unayo nini? Unayo bido ya maji machafu."

Kisha akamwita kijana wake alete chupa ya mafuta mapya, akamimina kidogo kwenye kiganja cha dereva, na kwenye kiganja cha pili akapaka ule uji. Akamwambia asugue vidole. Upande mmoja vidole viliteleza. Upande wa pili vilikwaruzana kama vina mchanga.

Yale aliyoyaeleza fundi siku ile ndiyo mama wa daftari anayowaeleza sasa wake wa madereva wengine. Ndani ya moteri, chuma kinazunguka karibu kabisa na chuma kingine, maelfu ya mara kwa dakika. Mafuta ndiyo yanayokaa katikati ili visigusane. Lakini hiyo si kazi yao ya pekee. Mafuta yanabeba joto kutoka mahali ambapo maji ya radiyateri hayafiki. Yanaosha masizi ya petroli inayoungua. Yanashika vumbi na vipande vidogo sana vya chuma na kuvipeleka kwenye filtri. Yanazuia kutu. Viwandani yanachanganywa na dawa za kufanya kazi hizo, na dawa hizo zinakwisha kidogo kidogo, sawa na sabuni inavyokwisha ndani ya maji ya kufulia. Siku dawa zinapokwisha, mafuta bado yapo, kijiti bado kinaonyesha kiasi kizuri, lakini hayana tena nguvu ya kuosha wala kulinda. Joto linayapika, yanakuwa mazito, na uchafu unaanza kukaa mahali pake. Unaziba chujio la chini ambapo pompi inavuta. Pompi ikikosa cha kuvuta, presha inashuka, na ile taa ya kibirika inawaka.

Kwa gari hili, kilichokufa kwanza ni kusine, vile vyuma laini vyembamba vinavyokaa kati ya biele na mhimili mkuu wa moteri. Ule mlio wa tok-tok ulikuwa kusine zikiomba msaada. Siku tatu za kungoja Jumamosi ndizo zilizomaliza kazi: mhimili uliliwa, biele ikavunjika na kutoboa ubavu wa moteri. Haikuwa ya kutengenezwa tena.

Moteri nyingine, ya mitumba vilevile, ilihitaji dola 700 pamoja na kazi. Vidanji ambayo dereva aliiahirisha ilikuwa ya dola 25.

Gari lililala miezi minne. Mdogo wa dereva alianza kulima kwa siku kwenye mashamba ya watu. Mke wa dereva alibeba unga wa muhogo kichwani, akiuza kwa vipimo mtaani. Watoto walirudi nyumbani toka shule, wale wale ambao minerval yao ilikuwa imelipwa kwa pesa ya mafuta. Na katika nyumba zile tatu maneno yalikuwa mabaya. Siku moja mdogo wake wa pili alisema mbele ya wote, "Yaya, umekula kakao ya mama." Dereva hakujibu. Alitoka nje, na usiku ule hakula.

Mama yao ndiye aliyesimama katikati. Aliwaambia wanawe kwamba hakuna aliyekula peke yake. Pesa ile ilisomesha watoto wao wote, ilimtibu yeye mwenyewe, ilinunua hema la huyo huyo anayelalamika. "Tulikula wote," alisema, "ila hatukujua tunakula nini." Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu gari linunuliwe: katika pesa za kila siku, ya gari lenyewe ni ngapi?

Kwa maana kila mtu alikuwa na fungu lake. Nyumba tatu, mama, deni, petroli, vizuizi. Gari peke yake halikuwa na fungu. Lilikuwa linapewa makombo, siku makombo yakibaki.

Moteri ya pili ilipopatikana, kwa deni la ndugu na kwa zamu ya likelemba ya mke wa dereva, familia ilikwenda yote kwa fundi mzee kupokea maelezo. Waliuliza swali ambalo kila mwenye gari huuliza: tubadilishe mafuta kila baada ya muda gani?

Fundi aliwajibu kwamba jibu linategemea mafuta, moteri na kazi. Mafuta ya kawaida, kwenye gari linalotembea vizuri kwenye lami, watu wengi huyabadilisha kila kilometa 5,000. Mafuta ya bei ya juu, yale ya sintetiki, yanaweza kufika kilometa 10,000 kwenye moteri nzima, kufuatana na kitabu cha gari. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema kwamba kazi ikiwa ngumu, mtu apunguze muda. Na kazi ngumu ni ipi? Vumbi. Kupanda milima. Mzigo mzito. Kusimama muda mrefu moteri ikiunguruma. Safari fupi fupi ambazo moteri haipati hata nafasi ya kupata moto vizuri. Fundi alihesabu kwa vidole, na karibu vidole vyote vilikuwa vinaitaja njia ya Beni na Butembo.

"Kwenu ninyi," alisema, "msipite kilometa 4,000."

Hapo ukatokea mgumu mwingine. Saa ya kuhesabu kilometa kwenye gari ilikuwa imekufa tangu walipolinunua. Ndipo mke wa dereva, ambaye hakuwahi kushika usukani, alisema: "Lakini njia haikufa. Njia ni kilometa 54." Akagawanya kwenye mgongo wa daftari la mtoto. Elfu nne kwa 54 ni safari 74. Wakakubaliana waseme 70, ili zibaki chache za dharura. Safari 70 ni kilometa 3,780. Kwa safari nne kila siku, zinaisha chini ya majuma matatu na siku moja, Jumapili zikiwemo.

Kuhusu pesa, hesabu ilikuwa rahisi vilevile. Mafuta lita nne pamoja na filtri na kazi ya fundi yalifika faranga 70,000 hivi. Safari 70, basi faranga 1,000 kila safari, ambayo ni chini ya nauli ya abiria mmoja. Elfu hiyo inatoka kwanza, kabla ya mchele. Inakaa katika kopo, na kopo linakaa kwa mama, si kwa dereva, kwa sababu yeye barabarani anakutana na mahitaji mengi.

Fundi aliwaongezea mambo machache, na wameyashika. Filtri ya mafuta inabadilishwa kila mara pamoja na mafuta, maana kutia mafuta mapya kwenye filtri iliyoziba ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu. Filtri ya hewa inatolewa na kupigwa vumbi kila juma wakati wa kiangazi, na inabadilishwa ikichoka, kwa kuwa vumbi linaloingia na hewa linageuka msasa ndani ya mafuta. Mafuta yanapimwa asubuhi, gari likiwa limesimama mahali pa sawa na moteri imepoa. Weusi peke yake si ugonjwa: mafuta yakigeuka meusi, huenda yanafanya kazi yake ya kuosha. Lakini yakiwa na harufu kali ya petroli, yakikwaruza kati ya vidole, au yakiwa meupe kama maziwa, kuna jambo. Meupe maana yake maji yameingia, na hapo gari halitembei tena hadi fundi alione.

Na mafuta ya chupa isiyo na alama, aliwakataza kabisa. Mengine ni mafuta yaliyokwisha kutumika, yaliyochujwa kwa kitambaa na kuuzwa tena. Yanaonekana safi kwa macho, lakini dawa zake ziliisha zamani. Afadhali kununua bido iliyofungwa, kutazama kifuniko kama hakijaguswa, na kuhakikisha namba zilizoandikwa ni zile zinazofaa moteri. Kwa moteri yao ya zamani na joto la bonde la Beni, aliwachagulia 20W-50. Kwa gari jipya zaidi, alisema, ufuate kitabu chake, kwa sababu moteri nyingine zinataka mafuta mepesi.

Mpango huo ulijaribiwa mapema. Mwezi wa tatu, kitinda mimba wa dereva alishikwa na malaria usiku. Alikuwa anatetemeka, na nyumbani hamkuwa na pesa isipokuwa zile za kopo. Daftari lilikuwa na mistari 66. Dereva alimtazama mke wake. Hakuna aliyesema neno. Mama alifungua kopo, akatoa faranga 40,000, wakaenda kituo cha afya. Mtoto hawezi kungoja, na hakuna fundi wala daftari la kusema vingine.

Lakini kesho yake walifanya jambo ambalo zamani wasingelifanya. Dereva alifanya safari zake nne, akafika 70, akaegesha gari na kuchomoa ufunguo. Siku iliyofuata hakutoka. Kwenye maegesho wenzake walimpigia simu kumwambia abiria ni wengi, ni siku ya soko. Alikaa nyumbani. Mke wake alizunguka kwa wenzake wa likelemba, akaomba akopeshwe, na kesho yake saa sita mchana mafuta yakapatikana. Watu walimcheka dereva kwamba amekuwa mtumwa wa daftari la mwanamke.

Mama yao mzee, aliyekuwa anamlisha mjukuu uji, aliwajibu kwa hesabu yake fupi: "Safari hii gari limelala siku moja na nusu. Safari ile lililala miezi minne."

Tangu hapo, wanacheka kidogo. Wake wa madereva wawili wa mtaa wameanza daftari zao. Kijana mmoja wa pikipiki, naye mhami wa upande wa Mbau, alikuja kuuliza kama hesabu hiyo inafaa kwake. Aliambiwa inafaa, ila namba si zile zile: moteri ya pikipiki ina lita moja tu ya mafuta hivi, nayo inazunguka kwa kasi kuliko ya gari, kwa hiyo mafuta yake yanachoka upesi zaidi na yanataka kubadilishwa mara nyingi zaidi. Yeye, kwa kuwa njia zake hazina urefu mmoja, anahesabu siku za kazi. Na mwenye jenereta ya kuchaji simu karibu na kambi anahesabu saa, maana jenereta haitembei lakini inachoka, na mashine zake ndogo nyingi hazina hata filtri ya mafuta.

Mama wa daftari amewaambia wote jambo moja zaidi, ambalo na yeye aliambiwa na fundi. Mafuta machafu yanayotoka hayamwagwi kwenye mfereji wala karibu na chemchemi, kwa kuwa kiasi kidogo tu kinaharibu maji mengi. Na watoto wasiyachezee, wala mtu asiyapake kwenye kidonda au kwenye upele kama wengine wanavyofanya. Yana sumu inayopita kwenye ngozi. Kwake yanarudi katika bido ile ile ya zamani, yanafungwa, na yanabaki kwa fundi.

Alhamisi ile jioni, baada ya Jumanne ya mvua, dereva aliingia na gari lililojaa matope.

"Leo ni ngapi, baba wa watoto?"

"Nne. Zimetimia."

Mama alichora mistari minne, akahesabu mara mbili, akafungua kopo. Pesa zilikuwa kamili, noti za faranga zilizochakaa zimekunjwa kumi kumi. Ijumaa asubuhi dereva alilipeleka gari kwa fundi polepole, ili mafuta yapate moto na yatoke yote. Mdogo wake wa pili, yule aliyesema maneno ya kakao, alikwenda naye. Ndiye aliyeingia chini ya gari na kufungua boloti. Mafuta yalitoka meusi, lakini yalikuwa yanatiririka. Fundi aliyashika kati ya vidole viwili, akasugua, akaitikia kwa kichwa, akasema wangoje mpaka tone la mwisho.

Walingoja. Saa tatu gari lilikuwa kwenye maegesho, linaita abiria wa Beni, na kwenye ukurasa mpya wa daftari hamkuwa na mstari hata mmoja.